Swali la Wanafunzi wa Port Vila: Uchambuzi wa Kisa cha Tabianchi Mbele ya Mahakama ya Hague

Septemba 2019, watoto 16 kutoka nchi 12 walifungua malalamiko mbele ya Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, mjini Geneva. Greta Thunberg wa Sweden alikuwa mmoja wao, na walikuwemo pia watoto wa Nigeria, Afrika Kusini, Tunisia, Palau na Visiwa vya Marshall. Walizilalamikia nchi tano: Argentina, Brazil, Ufaransa, Ujerumani na Uturuki. Miaka miwili baadaye Kamati ilikubali jambo zito, kwamba nchi inaweza kuwajibika kwa madhara ambayo moshi wake unawasababishia watoto walio nje ya mipaka yake. Kisha ikawafungia mlango. Hawakuanzia kwenye mahakama za nchi hizo, kwa hiyo malalamiko yao hayakupokelewa.

Septemba 2020 vijana sita wa Ureno nao walikwenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakazishtaki nchi zaidi ya 30 kwa mpigo. Tarehe 9 Aprili 2024 maombi yao yalitupwa. Mahakama ilisema haina mamlaka juu ya nchi ambazo vijana hao hawaishi, na kwa Ureno yenyewe walipaswa kuanzia mahakama za nyumbani. Siku hiyohiyo chama cha wanawake wazee wa Uswisi kilishinda mbele ya majaji walewale. Wao walikuwa wamepanda ngazi zote za mahakama za Uswisi kabla ya kufika Ulaya.

Nimeanza kwa makusudi na vijana walioshindwa. Kisa cha wanafunzi wa Pasifiki waliofikisha suala la tabianchi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya mjini Hague, kimesimuliwa sana kama muujiza wa vijana wadogo dhidi ya dunia kubwa. Ni kweli kinagusa moyo. Lakini ukikisimulia hivyo unaficha kazi iliyofanyika. Vijana wa Geneva na Strasbourg hawakukosa ujasiri, ukweli wala mawakili wazuri. Walikwama kwenye mapingamizi ya awali, yale yanayosikilizwa kabla mtu hajaruhusiwa kusema anachoumwa. Wanafunzi wa Port Vila walichagua njia ambayo mapingamizi hayo hayana nafasi. Hawakumshtaki mtu. Waliandaa swali, wakatumia miaka minne kuitafutia dunia sababu ya kuliuliza kwa niaba yao.

Darasa la Emalus

Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini ni mali ya nchi 12 za visiwa kwa pamoja. Masomo ya sheria yako kwenye kampasi ya Emalus, mjini Port Vila, makao makuu ya Vanuatu. Machi 2019 wanafunzi 27 kutoka nchi nane za visiwa walikuwa wakisoma sheria ya kimataifa ya mazingira, na kazi waliyopewa darasani ilikuwa kutafuta njia za kisheria za kupambana na mabadiliko ya tabianchi, hata zile zinazoonekana ngumu kupita kiasi. Waliyoichagua ni kuomba maoni ya ushauri kutoka Mahakama ya Hague, yaani jibu la majaji kwa swali la kisheria bila kuwepo mshtakiwa.

Hawakuiacha kazi hiyo kwenye karatasi ya mtihani. Waliunda kikundi wakakiita Pacific Islands Students Fighting Climate Change, yaani wanafunzi wa visiwa vya Pasifiki wanaopambana na mabadiliko ya tabianchi. Wakawaandikia barua viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki. Kaulimbiu yao ilikuwa kulipeleka tatizo kubwa kuliko yote duniani kwenye mahakama ya juu kuliko zote duniani. Miongoni mwa waliokuwa mbele ni Solomon Yeo na Cynthia Houniuhi, wote wa Visiwa vya Solomon. Vishal Prasad wa Fiji alikuja kuwa mkurugenzi wa kampeni.

Vanuatu ndiyo iliyowasikiliza, kupitia Ralph Regenvanu, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo. Hii ni nchi ya visiwa vipatavyo 80 yenye watu laki tatu na kitu. Machi 2015 kimbunga Pam kiliipiga na kuleta uharibifu na hasara yenye thamani ya zaidi ya nusu ya pato lake la mwaka. Serikali iliyokwisha kuhesabu hasara ya namna hiyo haihitaji kushawishiwa kwamba tatizo lipo. Ilihitaji njia, na njia ililetwa na wanafunzi.

Njia waliyoiona na Palau waliyoikumbuka

Msomaji asiye mwanasheria anahitaji kuelewa mlango huu, maana ndani yake ndimo ulimo werevu wa wanafunzi hawa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki husikiliza kesi baina ya mataifa peke yake. Kijana, kijiji, asasi au hata mji mzima hauwezi kufungua kesi pale. Na taifa likitaka kulishtaki taifa jingine, ni lazima lile linaloshtakiwa liwe limekubali mamlaka ya Mahakama, jambo ambalo wachafuzi wakubwa wengi hawajalifanya, au wamelifanya kwa masharti mengi. Lakini Hati ya Umoja wa Mataifa, ibara ya 96, inaupa Baraza Kuu haki ya kuiuliza Mahakama swali lolote la kisheria. Hapo hakuna mshtakiwa wa kukataa mamlaka. Hakuna mtu wa kuambiwa akaanzie mahakama ya wilaya. Na kwenye Baraza Kuu hakuna kura ya turufu: Tuvalu ina kura moja na Marekani ina kura moja.

Palau iliwahi kulijaribu hili. Septemba 2011 Rais Johnson Toribiong alisimama mbele ya Baraza Kuu akatangaza kwamba nchi yake, pamoja na Visiwa vya Marshall, itaomba maoni ya Mahakama kuhusu gesi joto zinazovuka mipaka. Mpango ule haukufika kwenye kura. Nchi kubwa ziliupinga, na visiwa viwili peke yake havikuwa na ubavu wa kusimama.

Naamini somo la Palau ndilo lililounda mwenendo mzima wa kampeni ya Vanuatu. Haikukimbilia New York. Mwaka 2019 suala lilipelekwa kwanza kwenye mkutano wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki uliofanyika Tuvalu, ambako viongozi waliliandika kwenye kumbukumbu zao bila kuliunga mkono waziwazi. Vijana hawakuvunjika moyo. Mwaka 2020 korona ikafunga mipaka, kampeni ikahamia kwenye simu na intaneti, na mwaka huohuo vijana wa mabara mengine wakaunda World's Youth for Climate Justice ili kuzisukuma serikali zao pia. Septemba 2021 Vanuatu ikatangaza rasmi kwamba italipeleka suala Umoja wa Mataifa. Julai 2022, mkutanoni Suva, viongozi wa Pasifiki wakaliunga mkono kwa pamoja.

Tangu barua za kwanza za wanafunzi mpaka siku Mahakama ilipojibu, Vanuatu ilibadilisha waziri mkuu mara kadhaa: Charlot Salwai, Bob Loughman, Ishmael Kalsakau, Sato Kilman, Salwai tena, kisha Jotham Napat. Siasa za huko ni za kupinduana bungeni kila baada ya muda mfupi. Regenvanu mwenyewe alitoka serikalini, akawa kiongozi wa upinzani, akarudi mwishoni mwa 2022 kama waziri wa tabianchi. Ajenda haikufa hata mara moja. Sababu moja ni kwamba haikuwa mali ya chama wala ya waziri. Ilikuwa ya wanafunzi, na wao hawakupigiwa kura ya kutokuwa na imani. Kwetu Afrika Mashariki, ambako waziri mpya mara nyingi huanza kwa kuzika miradi ya aliyemtangulia, jambo hili linafaa kutazamwa vizuri.

Nchi 18 na swali lenyewe

Vanuatu ilikusanya kundi la nchi 18 za kuandaa azimio. Orodha yake inaeleza mkakati kuliko hotuba yoyote. Pasifiki ilikuwa na Vanuatu, Samoa, Mikronesia na New Zealand. Asia ilikuwa na Bangladesh, Vietnam na Singapore. Ulaya ilikuwa na Ujerumani, Ureno, Romania na Liechtenstein. Antigua na Barbuda na Costa Rica zilisimama upande wa Amerika. Afrika ilitoa nchi tano: Uganda, Msumbiji, Angola, Sierra Leone na Morocco. Nchi mbili kati ya hizo, Uganda na Msumbiji, ni majirani zetu Watanzania wa karibu kabisa, na sikumbuki kusikia habari hiyo ikijadiliwa kwa uzito redioni wala magazetini kwetu.

Wiki nne kabla ya kura, mwanzoni mwa Machi 2023, vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya wiki moja. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha azimio namba 77/276 kwa kauli moja, bila hata kupigwa kura, likiwa na wadhamini zaidi ya 130.

Swali lina sehemu mbili. Ya kwanza inauliza wajibu wa mataifa chini ya sheria za kimataifa ni upi katika kuulinda mfumo wa tabianchi dhidi ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu, kwa ajili ya mataifa na kwa ajili ya vizazi vya sasa na vijavyo. Ya pili inauliza matokeo ya kisheria ni yapi kwa mataifa ambayo, kwa matendo yao na kwa kutotenda kwao, yamesababisha madhara makubwa kwa mfumo huo. Inataka jibu kuhusu makundi mawili: mataifa yaliyoumia, hasa visiwa vidogo, na pia watu wenyewe, wa vizazi vya sasa na vijavyo.

Hii ni kazi ya fundi. Hakuna nchi iliyotajwa jina, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya wazi ya kulipinga azimio. Neno fidia halimo, ingawa kila aliyesoma sehemu ya pili alijua inakoelekea. Kutotenda kumewekwa sawa na kutenda, na hapo serikali inayotoa leseni kisha ikafumba macho imeingia wavuni. Kitenzi kiko katika wakati uliopita, yamesababisha, kwa hiyo historia ya viwanda vya karne mbili haikuachwa nje ya mlango. Na utangulizi wa swali unaiorodheshea Mahakama sheria za kutazama: Hati ya Umoja wa Mataifa, mikataba ya haki za binadamu, Mkataba wa Sheria ya Bahari, Mkataba wa Paris, pamoja na wajibu wa uangalifu na kanuni ya kuzuia madhara. Lengo lilikuwa kuzuia hoja moja mahsusi ambayo kila mtu alijua inakuja.

Desemba Hague

Hoja hiyo ilikuja kweli. Mahakama ilipokea maelezo ya maandishi 91, na kuanzia tarehe 2 hadi 13 Desemba 2024 ikasikiliza mataifa 96 na mashirika 11 ya kimataifa kwenye Kasri la Amani. Haijawahi kusikiliza shauri lenye washiriki wengi kiasi hicho. Marekani, China, Saudi Arabia, Uingereza na Australia, kila moja kwa namna yake, zilisema mambo ya tabianchi yana mikataba yake maalumu, na nchi isipimwe kwa mizani nyingine. Ukiikubali hoja hiyo, kesi imekwisha. Mkataba wa Paris unaziachia nchi zipange zenyewe viwango vya kupunguza gesi joto, na hauna adhabu.

Australia ilikuwa miongoni mwa wadhamini wa azimio. Ujerumani ilikuwa ndani ya lile kundi la nchi 18. Zote mbili zilipofika mbele ya majaji zilitetea tafsiri finyu ya wajibu wao. Mtu anaweza kukasirika, na ana haki. Ila kwa mtazamo wa mkakati, vijana walikuwa wameshavuna walichohitaji kutoka kwao: saini kwenye swali. Baada ya hapo nchi hizo ziligeuka wachangiaji kama wengine, na majaji ndio walioshika mpini.

Vanuatu ilizungumza ya kwanza, na Cynthia Houniuhi alikuwa miongoni mwa waliosimama. Hakuzungumza kama mgeni aliyealikwa kutia huruma. Alikuwa mwanasheria kijana kutoka Visiwa vya Solomon, aliyeeleza jinsi bahari inavyoimeza ardhi ya watu wake, Fanalei, na maana ya kuipoteza ardhi kwa jamii ambayo ukoo, kumbukumbu na utambulisho vimefungwa humo. Nje ya ukumbi, vijana walikuwa wamekusanya ushuhuda wa watu waliopoteza makazi na mashamba. Sehemu ya ushuhuda wa aina hiyo ilikuwa imekwisha kuingia kwenye nyaraka za serikali za visiwa. Hapa kuna uamuzi mwingine wa busara: hisia zilipewa nafasi, lakini ziliambatanishwa na ibara ya sheria.

Siku nne baada ya Mahakama kufunga usikilizaji, tarehe 17 Desemba, tetemeko la ukubwa wa 7.3 likaipiga Port Vila na kubomoa majengo katikati ya mji. Tetemeko halihusiani na tabianchi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ujumbe wa nchi hii ulirudi kwenye hali gani kutoka Ulaya, wakati nchi tajiri zilikuwa zimetoka kusema kwamba mzigo wa kujirekebisha ni wa kila mmoja kwa nafasi yake.

Jibu la tarehe 23 Julai 2025

Rais wa Mahakama, Jaji Iwasawa Yuji wa Japani, alisoma muhtasari wa maoni kwa kama saa mbili. Majaji wote 15 walikubaliana. Katika karibu miaka 80 ya Mahakama hiyo, ilikuwa mara ya tano tu maoni ya ushauri kutolewa bila jaji hata mmoja kupinga. Makamu wa Rais, Jaji Julia Sebutinde wa Uganda, na Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia walikuwa miongoni mwa walioongeza maoni yao binafsi.

Hoja ya mikataba maalumu ilikataliwa. Wajibu wa kutouharibu mfumo wa tabianchi unatoka pia kwenye sheria ya kimila ya kimataifa, yaani desturi ambazo mataifa huzifuata kama sheria, ambayo inalibana kila taifa, liwe limesaini Mkataba wa Paris au halijasaini. Januari mwaka huohuo Rais Donald Trump alikuwa ameamuru Marekani ijitoe tena Paris. Majaji hawakumtaja mtu, lakini jibu lao lina maana kwamba kutoka kwenye mkataba hakukutoi kwenye wajibu.

Kuhusu mipango ambayo kila nchi huiwasilisha chini ya Mkataba wa Paris, Mahakama ilisema nchi haina uhuru wa kuandika chochote inachopenda. Mpango unapaswa kuwa wa juu kadiri nchi inavyoweza, na uwe na mchango wa kweli katika kulifikia lengo la kuzuia joto lisizidi nyuzi 1.5, ambalo Mahakama ililitambua kuwa ndilo lengo kuu lililokubaliwa. Kiwango cha uangalifu kinachotakiwa ni kikali. Na haki ya mazingira safi, salama na endelevu ilitambuliwa kuwa msingi ambao haki nyingine za binadamu haziwezi kufurahiwa bila huo.

Aya ya 427 ndiyo iliyowashtua wengi. Inasema taifa likishindwa kuchukua hatua zinazofaa kuulinda mfumo wa tabianchi, ikiwemo kwa kuzalisha na kutumia mafuta, gesi na makaa ya mawe, kutoa leseni za kuyatafuta, au kuyapa ruzuku, huenda likawa limetenda kosa chini ya sheria za kimataifa. Matokeo ya kosa yanajulikana tangu zamani: kuliacha, kutoa uhakika kwamba halitarudiwa, na kurekebisha madhara kwa kurudisha hali ilivyokuwa, kulipa fidia au kumridhisha aliyeumizwa kwa njia nyingine, kila kimoja kwa masharti yake. Na kwa kuwa wajibu huu ni wa kila taifa kwa jumuiya nzima ya mataifa, hata nchi ambayo haijaguswa moja kwa moja inaweza kuuliza.

Kwa visiwa kulikuwa na jibu jingine ambalo kwetu linaweza kupita bila kuonekana. Bahari ikipanda na kula ufuo, nchi hailazimiki kuchora upya mipaka yake ya baharini. Na taifa likishakuwa taifa, kupoteza moja ya sifa zake, kwa mfano ardhi, si lazima kulifute. Kwa kijana wa Tuvalu au Kiribati, hili si jambo la nadharia.

Pale jibu lilipoishia

Maoni ya ushauri hayalazimishi. Hakuna polisi atakayeyatekeleza. Wanaoyabeza husimamia hapo, na nadhani wanakosea. Februari 2019, mwezi mmoja kabla ya darasa la Emalus, Mahakama hiyohiyo ilitoa maoni kuhusu visiwa vya Chagos katika bahari yetu ya Hindi, ikisema Uingereza imalize utawala wake huko haraka. Uingereza ilisema hayo ni maoni tu. Mei 2025 ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka juu ya visiwa hivyo. Maoni ya ushauri hufanya kazi polepole: jaji wa nchi moja huyanukuu, mwanadiplomasia huyaweka mezani, na anayetaka kuyakiuka hulazimika kujieleza.

Upungufu upo penginepo. Mahakama haikusema ni nchi gani iliyokosea. Swali halikuwaita majaji wafanye hivyo, na hiyo ndiyo bei ya njia waliyoichagua wanafunzi: ukikwepa mapingamizi ya kesi, unakosa pia hukumu dhidi ya mtu. Anayetaka fidia bado atapaswa kuthibitisha uhusiano wa moja kwa moja na wa uhakika kati ya kosa la nchi fulani na hasara yake. Mahakama ilisema hilo linawezekana kwa kutumia sayansi, kisa kwa kisa, ikaishia hapo. Jaji Yusuf hakuridhika na namna wenzake walivyolijibu swali la pili, na msomaji anayetoka kwenye nchi zinazoumia atamwelewa.

Kwa vizazi vijavyo, ambao ndio waliokuwa kwenye ulimi wa vijana tangu mwanzo, jibu ni jembamba zaidi. Haki baina ya vizazi imechukuliwa kama taa ya kusomea sheria nyingine. Haikupewa nguvu ya wajibu unaojitegemea. Mtoto ambaye hajazaliwa hakupata haki mpya ya kudai. Nadhani hapa ndipo kazi inayofuata ilipo, na mahakama nyingine zimeanza kuigusa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ikijibu maombi ya Chile na Kolombia, ilitoa maoni yake mwezi huohuo wa Julai 2025. Mwaka mmoja kabla, tarehe 21 Mei 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ilikuwa imesema gesi joto ni uchafuzi wa bahari.

Oktoba 2025 wanafunzi hao, pamoja na Julian Aguon, wakili wa Guam aliyesimama nao, walitangazwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Right Livelihood.

Arusha

Tarehe 2 Mei 2025, kabla hata Hague haijatoa jibu, ombi la maoni ya ushauri kuhusu tabianchi liliwasilishwa kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha. Mwombaji ni Umoja wa Mawakili wa Afrika, wenye makao yake mjini humohumo, ukishirikiana na asasi nyingine, mojawapo ikiwa Resilient40, ambao ni mtandao wa vijana wa Kiafrika.

Mpangilio huo si wa bahati. Ibara ya 4 ya Itifaki ya Mahakama inaruhusu ombi kutoka kwa nchi mwanachama, Umoja wa Afrika na vyombo vyake, au shirika la Kiafrika linalotambuliwa na Umoja huo. Mwaka 2017 asasi moja ya Nigeria ilikataliwa kwa kukosa utambuzi huo. Umoja wa Mawakili unao, na ulikwisha kupata maoni mwaka 2020 kuhusu sheria za uzururaji. Vijana wa Afrika wamefanya walichofanya wa Port Vila: wametafuta mwenye ufunguo, wakaenda naye mlangoni.

Mlango mwingine karibu haupo kwetu. Raia anaweza kuishtaki nchi yake moja kwa moja Arusha endapo tu nchi hiyo imeweka tamko la kukubali. Rwanda iliondoa lake mwaka 2016, Tanzania mwaka 2019. Kenya, Uganda na Burundi hazijawahi kuliweka. Na waliojaribu Mahakama ya Afrika Mashariki kuhusu bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, walifungua shauri Novemba 2020. Novemba 2023 likatupwa, kwa kuwa walichelewa: mkataba unatoa miezi miwili, na majaji walihesabu kuanzia mikataba ya mradi ya mwaka 2017. Mazingira yenyewe hayakujadiliwa. Ni ukuta uleule waliougonga watoto wa Geneva.

Ombi la Arusha linaegemea zaidi Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao tangu 1981 una ibara ya 24: watu wote wana haki ya mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Mkataba huo huruhusu kuchota kwenye sheria za kimataifa, na maoni ya Hague yakaongezeka kwenye kisima hicho wakati ombi tayari liko mezani.

Nchi zetu zitatakiwa kusema upande wao. Uganda ilikuwa ndani ya kundi la nchi 18 lililoandika swali, na ndiyo yenye mafuta ya lile bomba la Hoima, ambalo linaishia kwetu Tanzania, Tanga. Kenya iliwasilisha hoja zake Hague kwa maandishi na kwa mdomo. Nyaraka hizo zimewekwa wazi kwenye tovuti ya Mahakama, kwa jina la kila nchi, na mwanafunzi yeyote wa sheria wa Mlimani, Makerere au Nairobi anaweza kuzipakua leo, akaziweka kando ya leseni ambazo serikali yake inatoa.